Makarani wawili wa Kentucky: karatasi ipi iende kwa nani, na kwa nini

Swali, kutoka kwa mama mmoja wa Lexington, Kentucky: Polisi alinisimamisha kwa mwendo kasi akanipa karatasi. Niliona neno "clerk", nikaenda kwa County Clerk pale Main Street. Nimepanga foleni, kufika dirishani naambiwa siyo hapa, nenda North Limestone. Wiki iliyofuata nikapeleka North Limestone karatasi za gari nililonunua, nao wakanirudisha Main Street! Kwetu Bukavu mambo ya karatasi unayapeleka komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, kesi unapeleka tribinali, yaani mahakamani, yameisha. Hawa makarani wawili wa nini? Na kwa nini eti wanapigiwa kura kama wabunge?

Jibu:

Mama, pole kwa usumbufu. Nikupe kwanza jibu fupi, usije ukakosa kazi siku ya tatu.

Ofisi ya Main Street ni ya karani wa kaunti. Huyo anasajili: hati za nyumba na viwanja, rehani za benki, magari, leseni za ndoa, wosia, na daftari la wapiga kura. Ofisi ya North Limestone ni ya karani wa mahakama, ambaye kibao chake kinasema Circuit Court Clerk. Huyo anatunza majalada ya kesi zote za kaunti, za kiraia na za jinai, na pia anapokea faini, dhamana na ada za kufungua kesi, tena wito wa juri, yaani wananchi wanaoitwa kuamua kesi, unapitia kwake. Karatasi ya polisi ni mwanzo wa kesi, basi ni North Limestone. Gari ni usajili, basi ni Main Street. Ukiona kwenye karatasi namba ya kesi, au tarehe ya kufika mbele ya jaji, peleka kwa karani wa mahakama.

Jibu refu linahitaji turudi nyuma, kwa sababu yule karani wa Main Street ni karani wa mahakama ambayo haipo tena. Mahakama yake ilikufa, yeye akabaki na ofisi, madaftari na foleni.

Kabla Kentucky haijawa jimbo, nchi hii yote ilikuwa sehemu ya Virginia. Mwaka 1780 Virginia iliigawa katika kaunti tatu, Fayette, Jefferson na Lincoln, na Lexington ikawa makao ya Fayette. Kila kaunti ilipewa mahakama yake, na usiifikirie kama mahakama za leo. Ilikuwa baraza la waamuzi wa amani, watu wenye mashamba, wengi wao hawakusomea sheria hata kidogo. Walikutana mara moja kwa mwezi, wakasikiliza kesi ndogondogo, wakathibitisha wosia, wakaamua barabara ipite wapi na nani aitengeneze, wakatoa ruhusa ya kufungua mkahawa wa pombe au kinu cha nafaka, wakapanga kodi, wakawagawa watoto yatima kwa mafundi ili wafunzwe kazi. Mahakama ilikuwa ndiyo serikali ya kaunti. Kentucky ilipopata ujimbo tarehe 1 Juni 1792 iliuchukua mpango huo ulivyo.

Waamuzi walikuja na kuondoka. Aliyekuwepo siku zote ni karani. Wa kwanza wa Fayette aliitwa Levi Todd, mwanajeshi wa vita vya mpakani na babu wa Mary Todd, ambaye baadaye aliolewa na Abraham Lincoln. Ofisi ya Todd ilikuwa kwenye shamba lake, nje ya mji wa wakati huo, na mwaka 1803 iliungua moto. Hebu fikiria: ushahidi wa nani anamiliki ardhi ipi, katika kaunti nzima, ulikuwa ndani ya jengo hilo. Ikabidi hati zilizookolewa, nyingine zimeliwa na moto kingo zote, zinakiliwe upya kwa mkono, na wenye ardhi walete nakala zao zisajiliwe tena. Madaftari hayo ya hati zilizoungua yapo mpaka leo, na katikati ya sentensi unakuta pengo mahali moto ulipokula maneno.

Ardhi ya Kentucky ilikuwa vurugu hata bila moto. Virginia ilitoa hati bila kupima vizuri, kiwanja kimoja kikawa na wenyewe watatu au wanne, kila mmoja na karatasi yake. Thomas Lincoln, baba yake Abraham, aliihama Kentucky mwaka 1816 akaenda Indiana, na mwanawe alisema baadaye kwamba sababu kubwa ilikuwa shida ya hati za ardhi. Kwa hiyo ukiona leo unaponunua nyumba mwanasheria anaagiza mtu akapekue madaftari ya karani miaka mingi nyuma kabla ya kukuruhusu kutia saini, ujue desturi hiyo ina machungu yake.

Hata ndoa ilikuwa mkataba wa pesa. Bwana harusi na mdhamini wake walikwenda kwa karani wakatia saini ahadi ya pauni 50, zidaiwe endapo itagundulika baadaye kuna kizuizi cha kisheria cha ndoa ile. Pesa hazikutolewa siku hiyo, walitia saini tu. Watu wanaotafuta asili ya ukoo wao leo wanazipenda sana karatasi hizo, maana mdhamini mara nyingi alikuwa baba au kaka wa bibi harusi, na pengine ni hapo tu jina lake lilipoandikwa.

Yapo madaftari mengine ambayo sitayaruka. Pembeni ya jengo la zamani la mahakama la Lexington kuna uwanja ulioitwa Cheapside mpaka 2020, na hapo ndipo palikuwa na soko la watumwa, moja ya makubwa katika eneo hili lote. Mauzo hayo yalisajiliwa. Aliyenunua mtu alitaka hati kama aliyenunua shamba, na aliyekopa aliweka watu rehani. Ukifungua kitabu cha hati cha karani cha kabla ya 1865 utakuta jina moja tu lisilo na ukoo, umri, bei, na mstari unaofuata unataja farasi, ng'ombe na vitanda, kwa mwandiko uleule mzuri wa karani, bila kalamu kutetemeka. Karani huyohuyo aliandika pia hati za kuachwa huru, na Mweusi aliyekuwa huru alihitaji karatasi yenye muhuri wa mahakama ya kaunti kuthibitisha kwamba hana bwana. Katika miaka ya karibuni ofisi ya karani wa Fayette na Chuo Kikuu cha Kentucky wameshirikiana kupiga picha kurasa hizo na kuziweka kwenye intaneti, ili wajukuu wa wale waliouzwa waweze kutafuta majina bila kuomba ruhusa ya mtu. Kwa maoni yangu, katika kazi zote zilizofanywa na ofisi ile siku hizi, hakuna inayoizidi hiyo.

Sasa turudi kwa makarani wawili. Mwaka 1802 Kentucky iliunda mahakama nyingine kwa kesi kubwa, yenye majaji waliozunguka kutoka kaunti hadi kaunti, ndiyo hiyo Circuit Court. Ikapewa karani wake. Kuanzia hapo kila kaunti ikawa na makarani wawili kwa sababu ilikuwa na mahakama mbili, na kwa karne moja na robo tatu hakuna aliyeshangaa.

Kupigiwa kura kulikuja mwaka 1850. Kabla ya hapo karani aliteuliwa na mahakama yenyewe, na chini ya katiba ya 1799 alikaa kwenye kiti maadamu hajafanya kosa, maana yake mara nyingi mpaka kifo. Ukaribu wa watu wachache ukazaa tabia zake. Cheo cha sherifu kilimwangukia mwamuzi mkongwe wa baraza, naye akakiuza kwa mtu mwingine, na jambo hilo lilijulikana na kila mtu. Wananchi wakachoka. Katiba ya 1850 ikatia kwenye kura karibu kila cheo cha kaunti: majaji, sherifu, mlinzi wa gereza, makarani. Hoja yao haikuwa kwamba mpiga kura anajua kuhukumu ubora wa masjala. Walitaka tu kwamba mtu asimrithishe mwanawe ofisi ya umma.

Ikawekwa kinga moja ambayo naipenda. Katiba ya sasa, ya 1891, inamtaka karani wa mahakama apimwe kwanza na apewe cheti kwamba anaiweza kazi, ndipo jina lake liingie kwenye karatasi ya kura. Mpaka leo wagombea wanakaa chini kufanya mtihani. Ni wanasiasa wangapi unaowajua ambao wangefika kwenye kampeni kama wangetakiwa kufanya mtihani?

Mgawanyo unaokusumbua wewe ulikuja miaka ya 1970. Mpaka wakati huo aliyeitwa jaji wa kaunti aliongoza serikali ya kaunti asubuhi na kusikiliza kesi mchana, na hakulazimika kuwa mwanasheria. Pembeni yake kulikuwa na mahakama za polisi, za waamuzi wa amani, za robo mwaka, kila moja na taratibu zake na faini zake. Novemba 1975 wapiga kura wa Kentucky wakapitisha badiliko la katiba lililofuta yote hayo na kuweka mfumo mmoja wa mahakama kwa jimbo zima. Kesi ndogo zikapewa mahakama mpya ya wilaya, iliyoanza kazi tarehe 2 Januari 1978 na majaji waliosomea sheria. Jaji wa kaunti akabaki mtendaji tu, ingawa jina la ujaji hakulivua.

Makarani je? Karani wa Circuit Court akapewa na mahakama ya wilaya pia, akawa karani wa kesi zote, chini ya mfumo wa mahakama za jimbo. Yule wa kaunti alipoteza mahakama yake, akabaki na kila kitu kilichosajiliwa mezani kwake kwa miaka mia mbili: ardhi, ndoa, wosia, na baadaye magari na wapiga kura. Hakuna aliyekaa akapanga kwamba gari na ndoa vinafaa kuwa dirisha moja. Vilikusanyika tu.

Kuna mahali ambapo mshono bado unaonekana, nao ni mirathi. Mtu akifariki na kuacha wosia, wosia unathibitishwa na jaji wa mahakama ya wilaya, kwa hiyo jalada lipo kwa karani wa mahakama. Ukishathibitishwa unaandikwa kwenye madaftari ya karani wa kaunti, kama enzi za Levi Todd. Ukifiwa, ofisi zote mbili utazijua.

Lexington ina kioja chake cha ziada. Mji na kaunti ya Fayette viliunganishwa tarehe 1 Januari 1974 kuwa serikali moja chini ya meya, lakini katiba inataja vyeo vya kaunti, hivyo vyeo vikabaki. Tunamchagua karani wa kaunti, tunamchagua hata jaji-mtendaji wa kaunti ambaye karibu hana cha kutenda.

Kura zenyewe: karani wa kaunti anakaa miaka minne, karani wa mahakama sita. Na kwa kuwa wamechaguliwa, gavana hawezi kuwafukuza. Dunia iliona maana yake mwaka 2015, pale Kim Davis, karani wa kaunti ya Rowan, alipokataa kutoa leseni za ndoa baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuruhusu ndoa za jinsia moja. Hakuna bosi aliyeweza kumwambia afungashe. Ilibidi jaji wa mahakama ya shirikisho amweke rumande kwa kudharau amri ya mahakama, akakaa siku tano, na manaibu wake wakatoa leseni. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likabadilisha fomu ili jina la karani lisiwepo kwenye leseni. Aliyemwondoa ofisini ni mpiga kura, mwaka 2018.

Hayo ndiyo asili. Turudi kwenye shughuli zako, maana nimeshakuwa mkalimani wa kutosha kujua mahali watu wetu wanapokwama.

Ile karatasi ya mwendo kasi ina tarehe ya mahakama. Makosa mengi madogo unaweza kuyalipia kabla ya tarehe hiyo bila kufika, kwa karani wa mahakama. Lakini kulipa ni kukiri kosa, na alama za makosa zitaingia kwenye rekodi yako ya udereva. Ukitaka kujitetea, au kuomba darasa la usalama barabarani badala ya alama, usilipe kwanza. Fika siku hiyo. Ukiipuuza kabisa, leseni yako inaweza kusimamishwa. Kama karatasi imeandikwa zaidi ya mwendo, kwa mfano pombe au kuendesha bila leseni, ongea na mwanasheria, hasa ikiwa bado hujapata uraia.

Karani atakuambia fomu ipi, ada kiasi gani, tarehe gani. Hatakuambia ukiri au ukatae, wala utashinda au utashindwa. Watu wanaliona hilo ni roho mbaya. Amekatazwa: anahudumia pande zote mbili za kesi, na mwenye nyumba anayekushitaki anapanga foleni ileile. Ukalimani wa mahakamani ni haki yako, na ni bure. Sema mapema dirishani kwamba unahitaji Kiswahili, na usimlete mtoto wako akutafsirie kesi.

Leseni ya udereva haipo kwa yeyote kati yao. Zamani ilitolewa na karani wa mahakama, na ndiyo maana majirani wa siku nyingi bado watakuelekeza huko. Tangu katikati ya 2022 kazi hiyo yote imehamia ofisi za kanda za idara ya uchukuzi ya jimbo. Gari lenyewe, yaani taito (hati ya umiliki wa gari) na usajili wa kila mwaka, ni Main Street. Ukinunua gari la mtumba kwa mtu binafsi, nendeni pamoja wewe na muuzaji, maana saini zenu zinahitaji kushuhudiwa, na kuna kodi ya asilimia 6 ya kulipa hapohapo. Wapo waliopewa taito iliyotiwa saini kwenye maegesho ya duka, muuzaji akazima simu, na gari likakaa miezi bila kusajiliwa. Gari likitoka jimbo jingine, sherifu lazima alikague kwanza.

Wito wa juri unaweza kukufikia hata kama si raia, na wengi huingiwa na hofu au huutupa. Majina yanachukuliwa kutoka kwa wapiga kura, wenye leseni za udereva na walipa kodi ya mapato, kwa hiyo kupata wito hakumaanishi umefanya kosa. Jaza fomu, weka alama kwamba wewe si raia wa Marekani, irudishe. Utaondolewa.

Daftari la wapiga kura ni jambo jingine kabisa, nalo ndilo ninaloliogopa zaidi. Liko chini ya karani wa kaunti, ni la raia peke yao, na fomu hutolewa mahali pengi unapoomba huduma nyingine. Kama hujala kiapo cha uraia, usitie saini fomu hiyo hata mtu wa dirishani akikusogezea kwa nia njema. Kujiandikisha huku ukidai uraia usio nao kunaweza kukuharibia maombi yako ya uraia, na kunaweza kukufukuzisha nchini. Kesi za namna hiyo huanza na mtu aliyekuwa anasaini kila karatasi aliyopewa.

Kuhusu ndoa, tofauti na komini ni hii: karani wa kaunti hafungishi ndoa. Anatoa leseni, inayodumu siku 30. Mchungaji, padri, shehe au jaji ndiye anayefungisha, kisha anairudisha leseni kwa karani isajiliwe. Wapo waliofunga ndoa kanisani kwa ngoma na keki, halafu mchungaji akaisahau leseni kwenye Biblia. Baada ya harusi, piga simu uhakikishe imerudi.

Na siku utakapojaza maombi ya uraia, au ya kumleta mtu wa familia, utaombwa nakala zilizothibitishwa kwa muhuri. Cheti cha ndoa iliyofungwa kwa leseni ya Fayette kiombe Main Street. Hukumu ya talaka, au mwisho wa kesi yoyote, hata hiyo ya mwendo kasi, iombe North Limestone, nawe uwe na namba ya kesi mkononi. Chukua nakala mbili za kila moja.